Makoti ya Bi Haivuji

Asubuhi ile mjukuu wake alirudi nyumbani saa mbili na nusu, wakati masomo ndiyo kwanza yanaanza, amelowa mpaka kwenye soksi, na hana koti.

Bi Haivuji alikuwa mezani na pasi ya mkaa mkononi. Hakuuliza kulikoni. Mtu anayeuliza kulikoni bado ana matumaini kwamba jibu litakuwa na maana, na matumaini ya namna hiyo yeye aliyaacha zamani, pamoja na magego mawili. Aliweka pasi kwenye kigae chake, akamvua mtoto shati, akamfunga taulo na kumkalisha karibu na jiko.

"Koti liko wapi?"

"Limekamatwa," mtoto alisema.

Mtoto huyu mtaa mzima ulimwita Kasuku. Alikuwa na miaka saba na kichwa kisichodondosha neno. Ukisema jambo asubuhi, jioni linarudi kwa sauti yako mwenyewe, tena mbele ya yule uliyekuwa unamsengenya.

"Limekamatwa na nani?"

Kasuku akanyoosha mgongo na kukaza shingo kama mtu aliyebanwa na tai. "'Kuanzia leo hakuna mwanafunzi atakayeingia na vazi la mvua lisilo rasmi. Koti rasmi linapatikana katika duka lililoidhinishwa. Shule si jalala la vitambaa.' Halafu akasema nirudi nikamwambie bibi."

"Huyo ni Mwalimu Mkuu?"

"Ndiyo. Ametuvua wote saba pale getini."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Sana."

"Na yeye?"

"Alikuwa na mwavuli."

Kisha Kasuku akakohoa, na kikohozi kile ndicho kilichomfanya bibi yake arudishe macho kwenye pasi, kama anayepima uzito wake.

Kifua cha Kasuku kilikuwa na faili hospitalini. Msimu wa mvua uliopita alilazwa siku kumi na moja, bomba puani, midomo rangi ya majivu, na hicho kinywa kisichonyamaza kikanyamaza siku zote hizo. Mama yake, anayefanya kazi mji mwingine, alikuja na mfuko mmoja wa nguo akakaa wiki mbili, halafu akarudi kazini akilia ndani ya basi. Daktari aliandika dawa nyingi zenye majina marefu. Ya mwisho hakuiandika, aliisema tu: "Huyu asilowe." Ilikuwa na maneno mawili, na ndiyo pekee ambayo Bi Haivuji aliweza kuitengeneza mwenyewe.

Dawa hiyo aliishona kutoka kwenye suruali za kazi za marehemu mumewe. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa mapaja mapana, na suruali zake za drili, pamba nzito ya kazi, zilikuwa na kitambaa cha kutosha kuvika nusu ya darasa la kwanza. Suruali moja ikawa kifua na mgongo. Ya pili ikatoa mikono na kofia. Mfuko mmoja wa nyuma aliuacha kama ulivyo, ukaangukia mkono wa kushoto, na Kasuku akaufanya ghala la vipande vya chaki alivyookota.

Kisha ikaja nta. Hapa mambo yaende polepole, maana kesi nzima imelala hapa.

Unachukua mafungu mawili ya nta ya nyuki na fungu moja la mshumaa. Ukizidisha mshumaa, kitambaa kinakakamaa na kupasuka kila kinapokunjwa. Ukizidisha nta, koti linanata, na mtoto anarudi nyumbani na majani, vumbi na nzi wawili watatu. Unatia kijiko cha mafuta ili mchanganyiko ulegee. Unayeyusha ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, isipokuwa kama umechoka kuwa na nyusi. Unapaka kwa brashi. Kitambaa kinakuwa na mabaka kama kimetapikiwa, na mtu mwoga hapo ndipo anapokitupa. Asiye mwoga analaza gazeti juu yake na kupitisha pasi. Nta inazama kwenye nyuzi, ile ya ziada inapanda gazetini. Bi Haivuji alipendelea kurasa zenye picha za waheshimiwa wanaokata utepe. Alisema zinanyonya vizuri, zimezoea.

Lakini yote hayo ni bure usipoishika sheria moja: sindano kwanza, nta baadaye. Shona kila kitu, mshono wa mwisho, kifungo cha mwisho, ndipo upake. Nta ikija nyuma ya sindano inaziba kila tundu. Sindano ikija nyuma ya nta, kila pigo lake ni mlango, na mvua haipigi hodi.

Sheria hiyo aliijua kwa miaka kumi na tisa ya karakana ya mahema, na kwa siku moja ya kufukuzwa. Mwaka huo walishona mahema ya wodi ya muda, hospitali ilipofurika. Mahema yakapakwa nta, yakapigwa pasi, yakawa tayari. Ndipo meneja akaja na wazo. Mawazo ya meneja yalikuja siku zote baada ya kazi kuisha. Alitaka kila hema lishonewe namba kubwa juu ya paa, ili wageni wa heshima waweze kuyahesabu wakiwa mbali. Bi Haivuji, ambaye wakati huo alikuwa hajapata jina hilo, alisimama akasema yatavuja. Meneja akamwambia, "Wewe ni sindano, mimi ni kichwa." Mahema yakaenda na namba zake. Yakavuja palepale penye namba, juu ya wagonjwa, usiku na mchana, na wageni wa heshima wakayahesabu bila shida. Kisha washonaji wakapangwa mstari kama watoto waliovunja sahani, wakaulizwa nani kashona vibaya. Alisema tena yale aliyoyasema mwanzo. Aliondoka siku ile ile, na donge la nta ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga ndani ya kikapu. Hakuliomba. Alilichukua.

Tangu hapo hasira ilikaa naye kama mpangaji asiyehama. Haikuwa hasira ya kuvunja vyombo. Ilikuwa ya kunyoosha vitu. Kadiri alivyokasirika, ndivyo mapindo yake yalivyonyooka.

Jina alilipata kwa kipimo cha beseni. Karakana walikifanya kwa kila kitambaa, naye akakileta nyumbani. Unalaza koti juu ya beseni kavu, unalibonyeza katikati liwe kama bakuli, unamimina jagi la maji, unahesabu mpaka mia mbili. Kisha unafunua, unatazama chini. Kama beseni ni kavu, anasema neno moja la karakana, "Haivuji," anakung'uta maji, anakukabidhi. Kama kuna tone, koti linarudi mezani na wewe unarudi kesho. Akina mama sita wa mtaani, waliomwona Kasuku anapita kwenye mvua mkavu kama biskuti, walikuja na suruali za kazi za waume zao. Mmoja alikuja na suruali ambayo mume alikuwa bado anaihitaji. Makoti yakawa saba.

Saba yalitosha kumkera mtu mmoja. Huyo alikuwa mwenye duka la sare, aliyeitwa Shemeji na kila mtu, hata wasio na dada. Kwa Mwalimu Mkuu lakini alikuwa shemeji wa kweli, kamuoa dada yake, na pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kwa sababu dunia hii ukishashika kiti kimoja vingine vinakufuata vyenyewe. Duka lake ndilo lililoidhinishwa. Koti lake rasmi lilikuwa la nailoni ya buluu, jepesi kama ahadi, na nembo ya shule kifuani. Duniani kuna watu wawili wanaofurahia sana wingu jeusi: mkulima, na mwenye duka la makoti mabovu ambayo ni lazima yanunuliwe.

Bi Haivuji alimwacha Kasuku kwa mke wa kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaenda shuleni.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na zulia, saa ya ukutani iliyosimama saa nne kasoro, na kombe la mashindano ya usafi. Kwenye kona makoti saba yalirundikwa sakafuni, yakinukisha chumba kizima mshumaa na asali. Mwalimu Mkuu alingoja aamkiwe. Bi Haivuji, aliyemzidi miaka isiyopungua kumi na mitano, naye akangoja. Walingojana mpaka katibu muhtasi akajikohoza.

"Shikamoo, mama," akasema Mwalimu Mkuu hatimaye.

"Marahaba. Nimefuata koti la mjukuu wangu."

"Mama, shule ina utaratibu."

"Na mjukuu wangu ana kifua."

"Kila mtoto ana kifua, mama."

"Cha kwako kimelazwa siku ngapi?"

Mwalimu Mkuu akanyoosha tai. "Sisemi koti lako ni baya. Nasema halina nembo. Vazi lisilo na nembo si vazi la shule."

"Nembo inazuia maji?"

"Nembo inatambulisha."

"Mvua haijui kusoma, mwalimu."

Katibu muhtasi akaanza kutafuta kitu ndani ya droo, na alikitafuta kwa muda mrefu.

"Nayasikia maneno ya mtaani," Mwalimu Mkuu akaendelea, "kwamba koti rasmi linavuja na lako halivuji. Nayajua yanakotoka. Basi Ijumaa kuna kikao cha wazazi. Tutalipima koti lako mbele ya watu wote, kwa hicho kipimo chenu cha beseni. Likivuja, mjadala umefungwa, na sitaki kuliona tena getini."

"Na lenu litapimwa?"

"La kwetu limeidhinishwa."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Mwenyekiti wa kamati ni nani vile?"

Hapo droo ya katibu muhtasi ikafungwa kwa kishindo kidogo. Bi Haivuji akainama achukue koti la Kasuku juu ya rundo. Mwalimu Mkuu akaliwahi kwa kiganja.

"Hiki ni kielelezo," akasema.

Ilikuwa Jumatatu. Mvua ilinyesha Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi ikanyesha kama inayolipa kisasi. Koti la pili halikuwepo, drili ya marehemu ilikuwa imekwisha. Kasuku alikaa dirishani siku zote nne akiwatazama wenzake wakipita na nailoni zao zimewagandia mwilini, na kila baada ya muda akitangaza kwa sauti ya Mwalimu Mkuu, "Shule si jalala la vitambaa." Kila akisema, pasi ya bibi yake iliongeza mwendo. Kufikia Alhamisi jioni hakukuwa na shuka, pazia wala kitambaa cha vyombo ndani ya nyumba ile ambacho hakikuwa kimenyooka kama barua ya serikali.

Kinyozi alichungulia mlangoni, taulo begani. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale saba.

"Bi mkubwa, hiyo pasi imekukosea nini?"

"Pita zako, nisije nikakunyoa."

"Mimi nimeshindwa, nimelinunua hilo la duka. Mtoto asikose masomo."

"Na?"

"Nisilisingizie. Halizuii mvua, lakini linaichuja. Maji yanayomfikia mtoto ni masafi kabisa."

Bi Haivuji alikaribia kucheka. Akajizuia, kwa kuwa hasira aliyoitunza siku nne hakutaka kuimwaga kwa mzaha wa kinyozi.

"Kesho utakuja kikaoni?" aliuliza.

"Nikose sinema ya bure?"

"Basi uje na wembe wako mpya. Na kiberiti cha gesi."

"Bi mkubwa, mimi nina mke na mtoto. Unataka kumfanya nini yule mtu?"

"Sijui bado yeye atanifanya nini," akasema, akageuza shuka upande wa pili. "Nikienda kwa watu wenye mamlaka huwa napenda kuwa na vifaa."

Kikao kilifanyika darasa la kwanza. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, na watu wakikaa hivyo huwa rahisi kuwaamrisha. Bati lilipigwa na mvua mpaka watu wakawa wanasemeshana kwa kupaza. Kwenye kona, chini ya dari yenye doa, kulikuwa na ndoo inayopokea matone: tup, tup. Ilikuwa pale siku nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeiona tena.

Bi Haivuji alikaa mbele, Kasuku kamfunga shuka mbili, kikapu miguuni. Mwalimu Mkuu aliingia na koti amelikunja mikononi kama anayebeba bendera. Akalikunjua mezani, juu ya beseni.

Kifuani palikuwa na nembo.

Ilikuwa ngao ya buluu na dhahabu, kubwa kama kiganja, imeshonwa kwa mashine mistari miwili kuizunguka na mmoja wa zigizaga kukatiza katikati ili isibanduke kamwe. Ndani ya ngao palikuwa na kitabu, na chini ya kitabu wito wa shule: Elimu ni Kinga.

"Mmelishonea lini hili?" Bi Haivuji aliuliza, taratibu.

"Jana, dukani kwa mwenyekiti," alisema Mwalimu Mkuu. "Tumeona tupime vazi kamili. Tusije tukaambiwa tumekuonea."

Shemeji, kwenye kiti pekee cha watu wazima chumbani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyetoa msaada kwa yatima.

Kinyozi alimwinamia Bi Haivuji kutoka dawati la nyuma. "Bi mkubwa. Sindano baada ya nta. Sema."

Alikuwa na haki ya kushangaa kwamba hasemi. Mdomo wa Bi Haivuji ulikuwa umeshafunguka. Mbele yake aliona paa la hema, namba kubwa, na wanawake waliopangwa mstari. Mara ile alisema mapema, kwa sauti, kwa adabu, na maneno yake yakapita juu ya vichwa vya watu kama moshi. Kuna watu ukiwaambia maji yatapita wanakuona mjuaji. Mpaka yapite.

"Mimina," akasema.

Mwalimu Mkuu akamimina jagi zima. Maji yakatulia kwenye bonde la kifua, yakitetemeka kidogo, na nembo ikaonekana chini yake kama kitu kilichozama. Wakaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Wazazi wakaitikia bila kuambiwa, kwa ile sauti ya darasa la kwanza ambayo haimtoki mtu mpaka kaburini. Walipofika thelathini na moja, chini ya koti ikasikika: tup.

Ndoo ya kona ikajibu: tup.

Kisha matone yakafuatana.

"Haivuji anavuja," akasema mtu wa nyuma, na darasa likacheka. Wakacheka hata wawili kati ya wale mama sita, kwa kuwa kicheko cha kundi ni rahisi kujiunga nacho kuliko kukipinga. Kasuku akavuta shuka mpaka masikioni. Shemeji akapiga makofi matatu.

"Wazazi, mmejionea wenyewe," alisema Mwalimu Mkuu, akiweka jagi chini. "Nadhani suala hili sasa..."

"Bado mia moja sitini na tisa," alisema Bi Haivuji.

"Mama, limevuja."

"Limevuja. Tuangalie limevujia wapi. Au hesabu yako inaishia unapopenda?"

Alisimama. Akamwaga maji ya juu kwenye ndoo ya kona, akaligeuza koti nje ndani, akaliinua mbele ya watu kwa mikono miwili. Mikono ya koti ilikuwa mikavu. Mabega yalikuwa makavu, na mishono yote ya pembeni, na kofia. Katikati ya kifua tu palikuwa na doa la maji, jeusi, lenye ukingo mkali: mabega mawili juu, ncha moja chini, na mstari wa zigizaga umekatiza.

"Kasuku, mjukuu wangu. Hii ni picha ya nini?"

"Ni beji," alisema Kasuku.

"Imeandikwa nini ile beji?"

Mtoto alijua kuisoma, waliikariri kila asubuhi mstarini. "Elimu ni Kinga," akasema kwa sauti ya Mwalimu Mkuu, kila herufi mahali pake.

Safari hii kicheko kilianzia upande mwingine wa darasa.

"Nimefanya kazi hii kabla baadhi yenu hamjaota meno," Bi Haivuji aliwaambia, na hakupaza sauti, mvua ndiyo iliyopungua kidogo. "Koti unalishona kwanza, ndipo unalipaka nta. Nta inafunga matundu. Hawa wamechukua koti lililofungwa wakalitoboa mara mia tatu, mahali pamoja, juu ya kifua cha mtoto mgonjwa wa kifua. Kisha wakamwagia maji wakashangaa." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Wembe."

Kinyozi akampa.

"Mama, huo ni uharibifu wa mali ya shule," alisema Shemeji, akiinuka.

"Hii ni suruali ya mume wangu. Kaa."

Shemeji alikaa. Baadaye alisema kiti ndicho kilichomvuta.

Bi Haivuji alikata nyuzi moja moja, bila haraka, nembo ikabanduka ikabaki mkononi mwake kama jani bovu. Akalikausha koti kwa shuka moja ya Kasuku. Kutoka kikapuni akatoa donge la nta, sasa dogo kama yai, na kijiko. Kinyozi akawasha kiberiti chini ya kijiko, mgongo wa kijiko ukapata moto, na Bi Haivuji akasugua nta juu ya matundu, kisha akapitisha kijiko, akasugua, akapitisha. Darasa likaanza kunuka asali. Kasuku akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa mkono wa koti, akakisaga kwa kidole ndani ya beseni lililofutwa, ili tone likianguka lionekane hata na asiyetaka kuona. Hilo hakufundishwa na mtu.

"Nani atamimina?" Bi Haivuji aliuliza. "Wewe, mwalimu. Wewe ndiye uliyeanza."

Alimimina. Wakahesabu. Mia moja ilipopita wazazi walikuwa wameacha madawati, wamezunguka meza. Walipofika mia mbili wakaacha kuhesabu. Bi Haivuji akainua koti na maji yake. Unga wa chaki ulikuwa mweupe, mkavu, na alama ya kidole cha mtoto bado imo.

Neno lake hakulisema. Walilisema wengine.

"Sasa la duka," alisema mama mmoja, kati ya wale wawili waliocheka. Shemeji akatazama saa yake, akakumbuka kwamba ana mgeni. Lakini kinyozi alikuwa ameshamvua mwanawe, aliyekuja naye, na kulilaza lake juu ya beseni. Kuhesabu hakukuwepo. Jagi halikufika nusu, maji yakawa chini na unga wa chaki ukawa maziwa.

Kila mtu akamgeukia Mwalimu Mkuu. Alikuwa na nafasi, hilo lazima lisemwe. Mtu mwingine angecheka, angejikuna kichwa, angesema jamani tumekosea, na wazazi wale, waliozoea kuonewa, wangemsamehe kabla hajamaliza sentensi. Yeye akanyoosha tai.

"Hata hivyo," akasema, "kwa sasa halina nembo. Kamati itakaa wiki ijayo. Mpaka hapo agizo linabaki kama lilivyo, na bawabu atakuwa nalo getini."

Bi Haivuji alimvalisha Kasuku koti, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akamvutia kofia kichwani. Kisha akaweka nembo iliyolowa kwenye kiganja cha Mwalimu Mkuu na kumfumbia vidole, kama unavyompa mtoto nauli.

"Ivae wewe," akamwambia. "Wewe una mwavuli."

Yale makoti sita mengine yalichukuliwa ofisini na mama zao dakika ile ile. Hakuna aliyeomba ruhusa. Katibu muhtasi alikuwa ameacha mlango wazi, akaenda kutafuta kitu mbali.

Jumatatu mvua ilikuwa kubwa kuliko zote. Bi Haivuji hakumwacha Kasuku aende peke yake. Walitembea katikati ya barabara ya matope, wale wengine sita wakajiunga mmoja mmoja kutoka milangoni mwao, makoti ya rangi ya udongo, mapana, mabaya, kila moja na mfuko mahali pasipo mfuko. Hayakuwa na nembo hata moja. Maji yaliyaangukia yakateleza.

Bibi alikuwa na gunia kichwani. Kifuani alikuwa ameshajipangia maneno. Alikuwa tayari kusimama pale getini mpaka jioni, na kesho yake, lakini mtoto yule asingevuliwa tena.

Bawabu alisimama mbele ya geti na koti rasmi la nailoni, la ukubwa wa watu wazima, zawadi ya kamati. Maji yalikuwa yakimtoka kwenye mikono kama mabomba mawili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Tunapita."

"Nina agizo, bi mkubwa." Aliona haya kulisema. "Nimeambiwa nimsomee kila mzazi kabla sijamrudisha mtoto."

"Haya, lisome."

Bawabu alifungua koti rasmi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, ambako karatasi ya maana huwekwa. Alichokitoa kilikuwa kama uji. Akajaribu kukikunjua, kikachanika vipande viwili. Wino ulikuwa umehamia shatini kwake. Muhuri tu ndio uliobaki, nao umevimba.

Akakitazama. Akawatazama watoto saba wakavu.

"Halisomeki," akasema.

"Basi huna agizo."

"Inaelekea sina." Akavuta komeo.

Watoto wakapita. Kasuku, wa mwisho, alisimama mbele ya bawabu, akakaza shingo, na kwa sauti ya bibi yake mwenyewe akamwambia, "Mvua haijui kusoma." Kisha akakimbia kuelekea darasani, kofia ikimruka mgongoni, na hakukohoa, au kama alikohoa, bati halikuruhusu kusikika.

Bi Haivuji alibaki getini. Maneno yote aliyojipangia alikuwa nayo bado, hakuna aliyeyahitaji, na hilo nalo lilimuudhi. Kule ofisini alijua karatasi nyingine inapigwa chapa, na kesho ingekuja ndani ya mfuko wa plastiki.

"Bi mkubwa," bawabu alisema kwa sauti ya chini, akikamua mkono wa koti lake. "Hivi, watu wazima unawatengenezea?"

Alimtazama juu mpaka chini, kama anayekata kitambaa kwa macho.

"Lete suruali," akasema, akageuka kurudi kwenye pasi yake.